Sura ya Sita: Baina ya Mtihani na Leseni

Baina ya siku ambayo mwanafunzi wa shahada ya uuguzi hukabidhi karatasi yake ya mwisho ya mtihani na siku ambayo hupata ruhusa kamili ya kumhudumia mgonjwa kwa jina lake mwenyewe na kwa dhima yake mwenyewe, upo muda ambao mitaala haiutaji, wakufunzi hawaufundishi, na wazazi, ambao wamekwisha kuuza mahindi na kahawa ya miaka minne ili kulipa ada, hawakuwahi kuambiwa kwamba ungekuwapo. Ni muda wa kungojea karatasi. Sura hii ni ya muda huo, na nimeiandika nikiwafikiria zaidi vijana wa Vwawa na wa mkoa mzima wa Songwe, kwa sababu hao nimewaona kwa karibu wakiungojea upite, na kwa sababu umbali wao na afisi zitoazo karatasi huongeza uzito wa jambo ambalo hata kwa mkazi wa Dodoma au Dar es Salaam si jepesi.

Vwawa ni makao makuu ya mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na mji wenyewe umekaa kando ya barabara kuu iendayo Zambia na karibu na reli ya TAZARA, hata msafiri anaweza kudhani kwamba mahali penye njia mbili kubwa namna hiyo hapawezi kuwa mbali na chochote. Hata hivyo, kijana wa hapa atakaye shahada ya uuguzi aghalabu huifuata Dar es Salaam, Dodoma, Moshi au Mwanza. Akiisha kufanya mitihani ya mwaka wa nne, kwa kawaida katikati ya mwaka, hurudi nyumbani wakati baridi ya wilaya ya Mbozi imeshika na kahawa imeiva mashambani, akapokewa kwa shangwe, akachinjiwa kuku, na kabla juma halijapita majirani wamekwisha kumwita nesi na kumletea watoto wenye homa ili awatazame. Kahawa huchumwa, ikaanikwa vichanjani, ikapelekwa kwenye chama cha ushirika. Mvua za Novemba zikaanza, watu wakaingia shambani kupanda mahindi. Naye angali nyumbani. Hapo ndipo maswali huanza, tena kwa upole.

"Mwanangu, wewe si ulikwisha kumaliza?"

"Nilimaliza, mama. Nangojea vyeti."

Mama hunyamaza, wala hanyamazi kwa kuridhika. Hunyamaza kwa sababu hajui vyeti hivyo viko kwa nani, na mwanawe, haki ikisemwa, naye hajui.

Kutojua huko ndiko chimbuko la nusu ya taabu yenyewe. Mtu asiyejua karatasi yake ilipo huuona ucheleweshaji kuwa ni kudra, akaingojea kama vile mkulima angojeavyo mawingu, ilhali karatasi haina asili ya mawingu. Kila saa ya mchana ipo mahali fulani, juu ya meza ya mtu fulani, ikingojea tendo fulani ambalo mtu huyo ameajiriwa kulitenda. Maneno haya nayasema mapema kwa sababu mengine yote ya sura hii yanayategemea: chuo hakimalizi kumfundisha mwanafunzi siku anapomaliza mtihani, humaliza siku kinapomkabidhi ithibati ya mafunzo yake, na siku zote zilizo katikati, kijana bado yumo mikononi mwa walimu wake hata kama amekwisha kurudi kwa wazazi.

Tufuate basi mwendo wa karatasi hizo. Mtihani ukiisha kusahihishwa, alama hupitiwa na mtahini wa nje, zikaja kwenye kikao cha idara, zikapanda kwenye skuli au kitivo, na mwisho huletwa mbele ya seneti ya chuo, ambayo ndiyo yenye mamlaka ya kusema kwamba fulani amehitimu. Kabla ya seneti kukutana, matokeo yote ni ya muda, na hati yoyote itakayotolewa itasema hivyo. Seneti ikiisha kuidhinisha, hufuata mahafali, aghalabu karibu na mwisho wa mwaka, na baada yake cheti pamoja na transkripti, yaani hati ionyeshayo kila somo na alama yake. Pembeni mwa njia hiyo ipo fomu ya klirensi, ambayo mhitimu huizungusha kutoka maktaba hadi kwa mhasibu na kutoka bwenini hadi maabara, akikusanya sahihi za kushuhudia kwamba hadaiwi kitabu, ada, ufunguo wala kifaa. Na ikikosekana sahihi moja tu, zilizobaki hazina nguvu.

Chuo kikiisha kufanya lake, kazi huhamia kwingine. Mhitimu wa shahada sharti apitie mwaka mmoja wa utarajali katika hospitali iliyokubaliwa, akifanya kazi chini ya usimamizi, na nafasi hizo hupangwa na Wizara ya Afya. Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, ambalo kazi yake imewekwa na Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, ndilo litunzalo daftari la wauguzi na wakunga, ndilo lisimamialo mtihani wa usajili, na ndilo litoalo leseni, ambayo bila ya hiyo hakuna aruhusiwaye kufanya kazi ya uuguzi nchini. Leseni ikiisha kupatikana, zipo afisi za ajira. Na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, katika matangazo yake, husema waziwazi kwamba hati za matokeo ya muda hazitakubaliwa mahali pa vyeti, na kwamba nakala ziambatishwazo sharti ziwe zimethibitishwa na mwanasheria.

Msomaji ataona kwamba kila afisi katika mfululizo huu huanza kazi yake kwa kudai karatasi ya afisi iliyotangulia, na kwamba karibu kila moja hufungua dirisha la maombi kwa muda maalumu kisha hulifunga. Hapa ndipo ulipo ukali wa jambo lenyewe. Chuo kikichelewesha hati kwa majuma machache, mhitimu hapotezi majuma hayo tu. Dirisha la utarajali hufungwa bila ya yeye kuingia, naye sharti angojee awamu nyingine. Na utarajali ukisogea, mtihani wa Baraza nao husogea, na ajira husogea pamoja nao. Afisa aliyeacha jalada mezani kutoka Ijumaa hata mwezi ujao yamkini hakukusudia ubaya wowote, wala hatapata kujua kwamba alimnyang'anya mtu asiyemjua nusu ya mwaka wa maisha yake.

Si insafu, hata hivyo, kuulaumu ukali wa karatasi kabla ya kuuliza ulitoka wapi. New Zealand ndiyo nchi ya kwanza kutunga sheria ya peke yake ya kuwaandikisha wauguzi, mwaka 1901, na mwanzoni mwa mwaka 1902 Ellen Dougherty akawa wa kwanza kuandikwa katika daftari hilo. Uingereza ilipitia miaka mingi ya mabishano. Florence Nightingale mwenyewe, ambaye jina lake hutajwa katika kila chuo cha uuguzi, hakuupenda mpango wa daftari, kwa kuchelea kwamba mtihani na cheti haviwezi kupima tabia ya muuguzi. Ilhali Ethel Bedford Fenwick aliupigania kwa takriban miaka 30, na sheria ilipopitishwa mwaka 1919 na daftari likafunguliwa, jina lake liliandikwa la kwanza. Naona kila mmoja wao alikuwa na sehemu ya haki. Karatasi haimgeuzi mgonjwa kitandani wala haimfariji mjane, na katika hilo Nightingale hakukosea. Lakini mtu aliyeletwa hospitali usiku hana fahamu hawezi kumhoji amchomaye sindano kama amejifunza kazi yake au la. Daftari ndilo limwulizalo kwa niaba yake, na kwa hiyo mimi naliunga mkono daftari.

Nchini kwetu upo ukumbusho wa karibu zaidi. Tarehe 28 Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, nayo ilitaja watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Waliondolewa kazini, na miongoni mwao walikuwamo watumishi wa afya, hata zikawapo zahanati zilizoamka zikiwa zimepungukiwa. Mwenye kuikumbuka siku hiyo hastaajabu akimwona karani wa ajira akiutazama muhuri mara mbili. Uhakiki ni haki ya mgonjwa. Ninachokitenga nao ni uajizi, ambao mara nyingi huvaa nguo za uhakiki na kusema kwa sauti yake. Na alama ya kuvitambua ni kwamba uhakiki huweza kueleza wakati wowote unakagua nini, bali uajizi hujibu tu kwamba jambo linashughulikiwa.

Je, jalada hukwama wapi? Pengine ni alama ya somo moja ambayo mwalimu hakuiwasilisha, au aliiwasilisha bila ya alama za mafunzo ya wodini, na mwanafunzi huja kuona nafasi tupu katika transkripti yake baada ya miezi. Pengine ni deni dogo la ada, ambalo mara nyingine limekwisha kulipwa lakini kwa kontrol namba ya muhula mwingine, na fedha ziko katika hesabu za chuo huku jina la mlipaji likisomeka kuwa mdaiwa. Haya yana dawa nyepesi kwa mtu aliyetunza risiti. Lipo jingine ambalo risiti hailiponyi, na kwa watu wa Songwe lina mizizi mirefu, nalo ni jina.

Koo nyingi za wilaya za Mbozi na Momba zina majina yaanzayo kwa Sim au Sin, na ndugu zao walio upande wa pili wa mpaka wa Zambia, Nakonde na mbele yake, huyaandika majina hayo hayo kwa kuongeza irabu: huku huandikwa Simkonda, kule Simukonda, na babu mmoja akawa na wajukuu wa namna zote mbili. Mtoto huandikishwa darasa la kwanza na mwalimu aliyelisikia jina kwa sikio lake; cheti cha kuzaliwa hutafutwa miaka mingi baadaye, mara nyingine kwa haraka, siku chache kabla ya kuomba mkopo wa masomo; kitambulisho cha taifa huandikwa na karani mwingine. Kila mwandishi alikuwa mwaminifu kwa alichokisikia. Maisha ya kawaida huyachukua majina hayo yote bila ya taabu, kwa maana kijijini kila mtu anajua ni mtoto wa nani, mpaka siku ambayo vyeti vyote vinatandazwa juu ya meza moja mbele ya mtu ambaye kazi yake ni kutazama kama vinafanana.

Nimepata kusimama nyuma ya msichana mmoja katika afisi fulani, nikasikia mazungumzo yake na mama aliyekuwa dirishani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hapa jina lako lina u, na kwenye cheti cha kidato cha nne halina. Nani kati ya hawa ni wewe?"

"Ni mimi huyo huyo, mama. Ni ukoo mmoja."

"Mimi naona ni wewe, lakini mfumo hauoni. Nenda kwa wakili, kalete kiapo, urudi."

Yule mama hakusema kwa ukali, na katika utaratibu wa kazi yake alikuwa na haki. Lakini kurudi kule kulikuwa na maana ya nauli ya basi katika safari inayozidi kilomita 800, kwenda na kurejea, kwa sababu ya irabu moja ambayo ingeweza kuonekana na kurekebishwa siku ya kwanza ya mwaka wa kwanza. Mwenye vyeti sharti ajue kwamba cheti cha kidato cha nne, kilichotolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania, ndicho shina, na vingine vyote hupimwa kwa hicho. Na tofauti ikiwa kubwa kuliko herufi moja au mbili, kama vile jina la tatu lililoachwa au lililobadilishwa, kiapo cha kawaida huenda kisitoshe, ikahitajika hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Waliosoma Zambia kwa kuwa shule ilikuwa karibu zaidi upande ule wana wajibu wa ziada: cheti cha sekondari hutafutiwa ulinganifu Baraza la Mitihani, na shahada ya nje huhakikiwa na Tume ya Vyuo Vikuu. Haya yote hufanyika, na hufanyika vizuri, lakini huchukua muda, na anayeyaanza baada ya kumaliza masomo amejiongezea kungoja juu ya kungoja.

Mtu wa mkoa huu hahitaji maelezo marefu ili aielewe hali ya mhitimu wa namna hiyo, kwa kuwa ameona mpaka wa Tunduma. Ameona lori zima, lenye injini nzima, shehena nzima na dereva mwenye afya, limesimama kando ya barabara siku baada ya siku kwa sababu hati moja haijafika. Dereva anapika chini ya tela, anafua, anazoeana na wauza ndizi, wala hakuna awezaye kusema kwamba lori lile lina ubovu wowote. Foleni hizo zilipokuwa zimechosha nchi mbili, wakubwa hawakusema kwamba mizigo isikaguliwe tena. Walijenga kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde, ambacho Rais Magufuli na Rais Edgar Lungu wa Zambia walikifungua mwezi Oktoba 2019, ili maafisa wa pande mbili wakae mahali pamoja na mzigo usisimamishwe mara mbili kwa ukaguzi ule ule. Sisemi kwamba foleni zimekwisha, kwa maana yeyote apitaye pale hujionea. Nasema tadbiri yenyewe ilikuwa sahihi: ukaguzi ulibakishwa, na uliopunguzwa ni mwendo wa karatasi baina ya wakaguzi.

Sioni kwa nini tadbiri hiyo isiwafikie wahitimu wetu. Leo mwombaji wa chuo huandika namba yake ya mtihani wa kidato cha nne katika mfumo, na matokeo yake huja yenyewe kutoka Baraza la Mitihani bila ya yeye kubeba chochote. Maadamu hilo linawezekana kwa mtihani wa mtoto wa miaka kumi na saba, lawezekana pia kwa shahada ya mtu mzima. Seneti ikiisha kuidhinisha majina, chuo chenyewe kingeweza kuyapeleka kwa Wizara na kwa Baraza la Uuguzi siku hiyo hiyo, pasipo kumfanya mhitimu kuwa tarishi wa habari zake mwenyewe. Uingereza chuo kikuu ndicho kipelekacho kwa baraza la wauguzi taarifa kwamba mwanafunzi amemaliza na kwamba ana afya na tabia ifaayo. Marekani bodi ya kila jimbo haimruhusu mhitimu kufanya mtihani wa leseni mpaka shule yake imethibitisha kwamba alimaliza, na huko nako wapo wahitimu wengi wanaokaa wakingojea shule itume hati. Kenya, Baraza la Wauguzi humpa mwanafunzi namba yake mara anapoanza mafunzo. Na mtindo huo una faida ambayo mtu aliyesumbuliwa na jina lake ataitambua mara moja, kwa kuwa kasoro ya herufi huonekana wakati bado ipo miaka ya kuirekebisha.

Kungojea kuna gharama zake ambazo hazionekani katika daftari la mhasibu yeyote. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 ilihesabu wauguzi milioni 27.9 ulimwenguni na upungufu wa milioni 5.9, na upungufu huo umelemea zaidi nchi za namna yetu. Kwa hiyo tuna wodi yenye muuguzi mmoja wa zamu ya usiku, na tuna muuguzi aliyefundishwa miaka minne amekaa nyumbani, na baina yao ipo bahasha ya kaki. Fauka ya hayo, ujuzi wa mkono haukai bila ya kutumiwa. Kuupata mshipa wa mtoto mchanga aliyekaukiwa na maji, ambaye mkono wake ni mdogo mno, na mshipa wenyewe huhisiwa kwa ncha ya kidole kabla ya kuonwa kwa jicho, na kuitazama chati ya uchungu na kufahamu, kabla ya saa mbili kupita, kwamba mama huyu hatajifungua kwa salama bila ya msaada: mambo hayo hujifunzwa kwa kurudiwa, na mtu aliyeachishwa kuyarudia hurejea kwayo akisita. Nimewasikia wahitimu wakikiri hofu hiyo kwa sauti ya chini, kana kwamba ni taksiri yao.

Na ipo hatari nyingine ambayo sharti niitaje bila ya kuizunguka. Anayekaa muda mrefu hushawishiwa. Mwenye duka la dawa humwita akae pale jioni. Jirani humwomba amchome mama yake sindano nyumbani. Zahanati ndogo humwahidi posho iwapo atashika zamu bila ya kuuliza habari za leseni. Namsihi mhitimu akatae, hata akiwa hana nauli mfukoni, kwa sababu jambo likiharibika mikononi mwake, sheria haitatazama alama zake za chuo. Itauliza leseni, naye hatakuwa nayo, na mlango ambao karatasi ilichelewa kuufungua utafungwa kwa miaka. Jirani anaweza kuelekezwa zahanati, tena kwa maneno mema, na kupima joto la mtoto na kumwambia mama yake awahi hospitali hakumvunjii mtu sheria.

Afanye nini basi, akiwa Vwawa na afisi ziko mbali? Kwanza asipige simu kuuliza "vyeti vimetoka?", kwa maana jibu la swali hilo ni ndiyo au bado, na bado haina mwisho. Aulize: jalada langu liko hatua gani, nani analo, linangojea nini, na tarehe ipi ya kikao ijayo italihusu. Aandike barua pepe yenye jina kamili kama lilivyo kwenye cheti cha kidato cha nne, namba ya usajili, kozi na mwaka wa kumaliza, kwa lugha ya adabu na kwa jambo moja tu, ili apokeaye aweze kutenda bila ya kutafuta mengine. Na kila anapozungumza kwa simu aandike tarehe na wadhifa wa aliyemjibu. Kama wapo wenzake wa darasa lile lile wanaosumbuliwa na jambo lile lile, waandike pamoja, kwa kuwa barua ya darasa zima husomwa kwenye kikao, na barua ya mmoja husomwa na karani. Taasisi za umma zina mikataba ya huduma kwa mteja ambamo zimeandika zenyewe huduma fulani itachukua siku ngapi. Mhitimu aitafute ya chuo chake, aisome, na siku hizo zikipita aitaje kwa taadhima katika barua yake kwa msajili wa chuo, kisha kwa mkuu wa taaluma, na ikibidi kwa Tume ya Vyuo Vikuu au kwa mfumo wa serikali wa e-Mrejesho. Kudai kwa adabu si utovu wa shukrani kwa walimu. Wapo wazazi wanaochelea kwamba mtoto akilalamika atawekewa kinyongo. Nami nawaambia kwamba nimeona majalada mengi yakisahauliwa kwa sababu ya ukimya, na machache mno yakikwamishwa kwa sababu ya barua nzuri.

Safari ya kwenda chuoni kwa miguu yake mwenyewe aiweke iwe ya mwisho, na asiifanye mpaka amejua kwa hakika aendako atamkuta nani na atatakiwa kuwa na nini, maana mtu aliyelala kwenye basi usiku kucha akaambiwa asubuhi kwamba afisa yuko likizo amepoteza masurufu ya nyumba nzima. Aliye na rafiki au ndugu aliyebaki karibu na chuo aandike barua ya kumwidhinisha, aitie sahihi, aambatishe nakala ya kitambulisho, ili mtu huyo afuatilie kwa niaba yake. Afisi nyingi hukubali barua hiyo kwa ufuatiliaji, ingawa cheti chenyewe kwa kawaida hukabidhiwa mwenyewe.

Na vyuo navyo viambiwe lao. Chuo hujisifu kwa idadi ya wahitimu walioandikwa katika kitabu cha mahafali, na ni haki yake kujisifu. Ningependa kiandike pia, mahali ambapo wazazi wanaweza kusoma, ni siku ngapi zilipita baina ya mtihani wa mwisho na transkripti ya mwisho kutolewa, na mwaka uliotangulia zilikuwa ngapi. Ningependa fomu ya klirensi ianze kuzungushwa katika muhula wa mwisho, wakati mwanafunzi bado yupo na vitabu bado viko mkononi mwake. Na majina yalinganishwe na cheti cha kidato cha nne mwaka wa kwanza, mwanafunzi akitia sahihi kwamba ameyaona. Na mwalimu asiyewasilisha alama kwa tarehe yake aulizwe kwa uzito ule ule anaoutumia yeye kumwuliza mwanafunzi aliyechelewa wodini. Tunawafundisha wauguzi kwamba dawa ya saa mbili hutolewa saa mbili, na kwamba lisiloandikwa katika faili la mgonjwa huhesabiwa kuwa halikufanyika. Chuo kinachowafundisha hayo kisha kikawaacha bila ya hati kwa miezi kinawafundisha pia jambo la pili, linalolibatilisha la kwanza, na wao ni werevu, hujifunza yote mawili.

Siku ya kukabidhiwa ikifika, mhitimu asiondoke dirishani kwa furaha kabla hajasoma. Atoe kalamu na cheti chake cha kidato cha nne, alinganishe jina herufi kwa herufi, kisha atazame tarehe ya kuhitimu, daraja la shahada, jina kamili la kozi, namba ya usajili, na katika transkripti apitie kila somo la kila muhula hata ukurasa wa mwisho ulio na sahihi na muhuri, kwa kuwa kosa linaloonyeshwa hapo dirishani aghalabu husahihishwa kwa urahisi, na likigunduliwa Vwawa huhitaji barua, malipo mapya na safari. Akiridhika, atie sahihi katika daftari la mapokezi. Nakala zitakazokwenda Wizarani, kwa Baraza na kwa afisi za ajira azitoe siku hiyo hiyo, azithibitishe kwa wakili kabla ya kupanda basi, na hati za asili azitie kwenye mfuko wa plastiki usioingia maji, asizikunje kamwe, na azishike mkononi njia nzima badala ya kuziweka kwenye buti la gari.